Nafasi Yako Kando ya Kamba

Tarehe 3 Februari

TANGAZO RASMI

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa, na umma wenyewe ni wewe peke yako, kwamba mto wa kukalia wa rangi ya kijani, mali ya marehemu mama yako na baadaye mali yako, uliokuwa umefumuka mshono na kumwaga sufi nyumba nzima, umeshonwa. Sherehe za uzinduzi zimefanyika jikoni. Mgeni rasmi nilikuwa mimi. Hotuba haikutolewa kwa kuwa paka aliondoka mapema.

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, kifua kimetulia, magoti yanalalamika kama kawaida yao lakini hakuna anayeyasikiliza. Natumaini nawe u mzima, na hizo lifti zako zinapanda zikiambiwa panda na kushuka zikiambiwa shuka, tofauti kabisa na wewe ulipokuwa mtoto.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya kujuliana hali. Kutukanana kunahitaji karatasi.

Habari yenyewe ni hii: mechi ya watani ni Jumamosi, tarehe 28 mwezi ujao. Uwanja ni ule ule, ngazi za saruji zile zile zisizo na huruma na makalio ya mtu, na kamba ile ile katikati ya mashabiki, Kiwandani upande huu, Sokoni upande ule, ili watu wazima wasing'oane meno. Mimi nakaa mwisho kabisa wa bluu, penye kamba. Nafasi yako ni mwanzo kabisa wa kijani, penye kamba hiyo hiyo, pale alipokuwa akikaa mama yako. Siku ya kwanza kumwona alikuwa hapo, anamtukana golikipa wetu kwa sauti tamu ambayo sikuwahi kusikia mfano wake. Tukaoana. Mwaka mzima tulikula sahani moja, lakini siku ya mechi kila mtu na mto wake, kila mtu na upande wake, bega kwa bega, kamba katikati. Kiwandani ikifunga, wenzangu wanaruka juu. Mimi namgeukia yeye. Alikuwa anavuta mdomo upande mmoja kama mtu anayekata uzi kwa meno. Nimekosa kuona mabao mengi mazuri kwa ajili ya mdomo ule na sijutii hata moja.

Alipotutoka ukarithi mto wake na msimamo wake mbovu. Sawa. Lakini umekaa pale mara moja tu, na siku hiyo mlishinda ninyi, kwa hiyo kwangu haihesabiki. Kisha ukaenda kwenye lifti zako, na tangu hapo nafasi yako inakaliwa na upepo. Mwaka huu njoo. Njoo upigwe ukiwepo, usiwe unaletewa habari kama mgonjwa.

Kushona kwenyewe kumenitesa. Siku hizi watengeneza sindano wamekuwa mabahili, tundu wanaliweka dogo. Ilibidi mke wa jirani yetu Kinyozi anitungie uzi. Na meza ya sebuleni imeanza tabia ya kusogea. Asubuhi naikuta njiani, na wa kwanza kupata habari ni ugoko wangu.

Kinyozi anakusalimu. Anasema Sokoni mwaka huu mna mshambuliaji. Nimemwambia hata mwaka jana mlikuwa naye, ila hakuna aliyemwona.

Jibu mapema, niwahi kukudharau.

Baba yako,
mshindi mtarajiwa


Tarehe 15 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi sijambo, mafua yalikuja yakaondoka. Magoti yako uyape pole, nayo yameishi miaka mingi na shabiki wa Kiwandani.

Kazini tuko kwenye jengo la mawakili. Lifti yao ina mchezo wa kusimama kati ya ghorofa ya sita na ya saba, na kila ikisimama ndani yumo mtu mwenye haraka. Jana nimemtoa wakili mmoja mnene kwa kumvuta makwapa. Akajipangusa suti, akanishukuru sana, kisha akauliza, "Sasa fundi mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia amekwama ghorofa ya tano, tunamtafuta.

Kuhusu mechi, mzee wangu, hebu tuseme kweli. Kila mwaka unaniandikia "njoo upigwe," na kila mwaka mimi natunza nauli yangu na wewe unatunza fedheha yako. Mshambuliaji wetu yupo. Kinyozi amenitumia picha yake. Ana mapaja kama magunia mawili yaliyosimama. Mwambie beki wenu aage nyumbani.

Nitaona kama naweza kuomba ruhusa. Siahidi.

Halafu, barua yako umeiandika ukiwa umelala? Kila mstari neno la mwisho limekatika. Nadhani nusu ya barua umeiandikia meza. Kama ni hivyo, ndiyo maana inakukimbia.

Binti yako,
kijani mpaka kaburini


Tarehe 2 Machi

Binti yangu mpendwa,

Salamu, na pole kwa mafua. Huku wote wazima isipokuwa Mwenyekiti wa Sokoni, ambaye nimemuua kwa mkono wangu mwenyewe. Tulia nikusimulie.

Unajua kila mwaka tangazo la mechi ukutani pale uwanjani napaka mimi. Katika mji huu, kitu kisichopakwa na Mzee Rangi hakijatangazwa. Basi Jumatano nikabeba ngazi, brashi na makopo yangu mawili. Nikapaka KIWANDANI kwa bluu, nikapaka SOKONI kwa kijani, herufi nene zenye kivuli, mwenyewe nikarudi nyuma nikajipongeza. Nikaenda kunywa chai. Kurudi, nakuta umati, na Mwenyekiti katikati amevimba kama andazi.

"Mzee Rangi, hii ni nini?"

"Tangazo."

"Naona ni tangazo! Mbona sisi umetuvika bluu? Na ninyi mmevaa kijani chetu?"

Mwanangu, acha tu. Nikautazama ukuta kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Mara Kinyozi, tena ni wa Sokoni huyo, akaangua kicheko. "Jamani, hamjaelewa? Mzee anasema sisi sasa ni watoto wake, tunavaa anachotuvika! Mzee, umetuweza!"

Watu wakafa kwa kucheka. Nami nikakunja mikono nikasema, "Mmechelewa kuelewa." Mpaka leo nikipita njiani napigiwa makofi. Wengine wanakuja kutoka mbali kuuangalia ukuta. Kopo la kijani nimelifunga kitambaa kwenye mshikio, lisije likajisahau tena.

Sasa sikiliza. Mimi si mtu wa kurudia neno, unanijua. Mwaka huu nakuomba uje. Nimeandika "nakuomba," na hakuna aliyenishika mkono. Mto wako upo tayari, nimeuanika juani. Nakuomba. Haya, cheka.

Baba yako,
mvalishaji wa Sokoni


Tarehe 14 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umeniua. Kisa cha ukuta nimewasomea mafundi wote wakati wa chakula. Yule mpakaji grisi wetu alipaliwa na chai ikabidi apigwe mgongoni. Wanauliza kama huyo mzee anauzwa.

Na hilo neno "nakuomba" nimelikata kwa mkasi nikalibandika kwenye mlango wa kabati la vifaa. Nimewaambia hiyo ndiyo hati ya Kiwandani ya kusalimu amri. Kila anayechukua spana anaisoma.

Ila mwaka huu sitaweza kuja, baba. Msimamizi amenipa kazi ya kwanza ya kuisimamia mwenyewe: lifti ya kubebea vitanda kwenye hospitali mpya. Nyaya za chuma zimefika juzi, nene kama mkono wa mtoto, na mwisho wa mwezi tunaikabidhi. Ningemwomba siku mbili angenipa, si mtu mbaya. Lakini nimkabili nimwambie nini? Kwamba naenda kumtazama baba yangu akifungwa? Hilo naliona hata nikifumba macho.

Mwaka kesho bila kukosa. Kamba ipo, saruji ipo, na wewe upo. Uweke mto wangu mahali pake ili kiti kisichukuliwe na mtu wa kando.

Binti yako,
mpokeaji wa hati


Tarehe 29 Machi

Binti yangu mpendwa,

Salamu. Natumaini lifti ya hospitali imekabidhiwa na wagonjwa wanapanda vizuri.

Naandika leo Jumapili kabla sijatoka nje, ili habari ikufikie ikiwa ya moto. Tumewafunga mawili bila. Nilikuambia.

Timu zilipoingia uwanja mzima ulicheka, sijapata kusikia kicheko kama kile, nami nikacheka, maana kucheka hakuna kiingilio. Vijana wetu walipendeza. Ile bluu yetu ilikuwa inang'aa juani kama bati jipya, ukiwatazama tu unajua leo mtu analia. Bao la kwanza lilikuja mapema. La pili lilikuja tulipokuwa tumeshakaa. Yule mwenye mapaja ya magunia sikumsikia hata kidogo.

Mto wako niliuweka ng'ambo ya kamba. Hakuna aliyeukalia. Mwanamume mmoja alitaka, nikamwambia mwenyewe amekwenda kununua maji.

Tulipofunga niligeuka, mazoea tu. Nikauona mto.

Baba yako


Tarehe 8 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo sitaki utani, kwa hiyo usianze.

Nimekupigia simu mara tatu wiki hii. Kila nikiuliza hali yako unasema mtandao mbaya, na sauti yako inasikika kana kwamba umekaa mfukoni mwangu.

Baba, Kinyozi alinitumia picha za mechi siku ile ile. Kiwandani hawakuvaa bluu. Dobi wenu alizichemsha jezi na dawa ya kung'arishia, zikatoka na mabaka kama ramani, na mkaazimwa fulana nyeupe za kiwanda cha mikate, zimeandikwa mgongoni "Laini Kila Siku." Ndicho uwanja mzima ulichokuwa unacheka. Golikipa wenu alikuwa na kofia ya mwokaji. Kinyozi anasema mji mzima haujazungumza kitu kingine tangu siku ile.

Na wewe ulikuwa umekaa penye kamba, mstari wa mbele, ukaniandikia bluu inayong'aa kama bati jipya.

Nimeipanga mezani barua zako zote. Mistari inatoka nje ya karatasi. Kuna sindano yenye tundu dogo. Kuna meza inayotembea. Kuna kopo lililofungwa kitambaa. Na ukuta, baba. Ule ukuta nilioucheka mimi na watu wazima kumi wenye akili zao.

Unaona kiasi gani? Nijibu bila mchezo. Usipojibu mpaka mwisho wa mwezi, utaniona mlangoni. Kama utaniona.

Nimeandika hilo la mwisho kwa mazoea yetu, na sasa kalamu imekataa kulifuta. Nisamehe.

Mwanao


Tarehe 27 Aprili

Binti yangu mpendwa,

Salamu. Huu mwandiko mzuri si wangu, ni wa Kinyozi. Mimi nasema, yeye anaandika. Amekula kiapo cha kuandika nisemacho bila kuongeza chake. (Sijaongeza. Salamu, dada. Kinyozi.)

Umeuliza bila mchezo, najibu bila mchezo, ingawa meno yanauma.

Ni presha ya macho. Nimeambiwa mwezi wa kumi na moja mwaka jana, pale zahanati. Imeanza kunila pembeni muda mrefu, taratibu, kama mchwa anavyokula fremu ya mlango. Unakuja kujua siku unayoegemea. Sasa naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kitu nikikielekea vizuri nakiona. Uwanjani naweza kuona mpira au naweza kumwona mtu, vyote viwili haviingii. Rangi ndizo zilizonisaliti kwanza. Bluu na kijani, mwanangu! Katika rangi zote za dunia.

Ukuta ule sikuupaka kwa utani. Niliupaka nikiamini uko sawa. Kinyozi alipocheka nilishukuru kuliko mtu aliyetolewa kisimani. (Mzee, sikujua. Ningejua nisingecheka.) Kaa kimya, andika.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Nilikuambia. Nilikuambia kwa lugha ya nyumba hii, na nyumba hii haina nyingine. Mama yako alipougua aliniambia, "Mwaka huu utakaa penye kamba peke yako, ushukuru utapata nafasi ya kunyoosha miguu." Nikacheka. Sote tulicheka. Ndivyo tulivyokulea, kila neno lina chumvi, sasa siku nimekupa neno lisilo na chumvi ungelijuaje? Ulilibandika kabatini. Ndipo mahali pake. Sikulaumu.

Ila usidhani nililia mechi. Mechi ni watu ishirini na wawili wanasumbua mpira. Nilitaka kitu kimoja. Nilitaka Kiwandani ifunge nawe upo hapo, nikugeukie wakati bado naona uso, nione kama unavuta mdomo kama wa mama yako. Sijawahi kujua. Ile siku moja uliyokuja mlishinda ninyi, ukawa unacheka tu, na kucheka kila mtu anajua.

(Hapa Mzee ameomba maji ya kunywa. Naandika ili ujue kalamu haijaisha wino.)

Nimemaliza. Asante Kinyozi. Huyu hanyoi vizuri lakini anaandika.

Baba yako


Tarehe 2 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimerudi salama kutoka kwako, basi halikuharibika hata mara moja, nikaingia kazini moja kwa moja.

Tafadhali matone yaweke asubuhi na jioni kama daktari wa macho alivyosema, siyo "nikikumbuka." Na ukirudi kwake mwezi wa nane usimwambie tena kwamba zile herufi za ukutani zimeandikwa na fundi mbovu. Alicheka, lakini nilimwona akiandika kitu.

Nilimuuliza ulipokuwa nje. Akasema kilichokwenda hakirudi; kazi ya matone ni kukibembeleza kilichobaki. Nikamuuliza, kingebaki kiasi gani kama angeletwa mapema? Akasema swali hilo huulizwa na kila mtu na yeye halijibu. Nikamshukuru. Nikashuka kwa ngazi, mimi fundi wa lifti, kwa sababu sikutaka kusimama na watu.

Nimerudi kazini nikakibandua kile kipande cha karatasi kabatini. Gundi imeng'ang'ania, imebaki "nak" peke yake. Mpakaji grisi akauliza vita vimekwisha? Nikamwambia vimekwisha, tumeshindwa sisi.

Siku mbili, baba. Msimamizi angenipa. Nilimuuliza jana, kwa kujichokonoa tu. Akasema, "Ungeomba hata nne."

Mwaka kesho nitakaa penye kamba. Hilo halina mzaha ndani yake, ligeuze utakavyo.

Mwanao


Tarehe 19 Oktoba

Binti yangu mpendwa,

Salamu kwa mkono wa Kinyozi. Matone naweka, muulize shahidi. (Anaweka. Mengine yanaishia shavuni.)

Nakupa habari kabla hujaipata kwingine. Tundu la ufunguo nalo limezibwa. Nilikuwa nasikiliza redio alfajiri, taa ikiwaka, nikadhani umeme umekatika, kumbe redio inaendelea kuzungumza. Sasa ni mwanga na kivuli, basi. Usije. Hakuna cha kufanya hapa ambacho Kinyozi na mkewe hawafanyi.

Kwenye simu ulisema angalau nilikuona mwezi wa tano. Ndiyo, nilikuona, na nilikutazama sana. Lakini ulikuja na uso wa hospitali. Ule ninaoutaka hutoka mara moja kwa mwaka, tena lazima tufunge.

Meza haisogei tena. Nadhani imenihurumia.

Baba yako


Tarehe 10 Februari

TANGAZO RASMI

Umma unatangaziwa kwamba fundi mmoja wa lifti, mwenye akili timamu, amepewa ruhusa ya siku nne, ameikata tiketi yake, na ataonekana uwanjani siku ya mechi ya watani, upande wa kijani, penye kamba, kwa madhumuni ya kufungwa.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nitakusimulia mechi yote sikioni, pasi kwa pasi. Nimefanya mazoezi kwa kumsimulia mpakaji grisi jinsi Msimamizi anavyokula chakula chake. Anasema ameona kila tonge.

Na mwaka huu, Mungu anisamehe na mama anisamehe, naiombea Kiwandani bao moja. Moja tu. Usimwambie Kinyozi. (Kinyozi, najua wewe ndiye unayemsomea. Nyamaza.)

Binti yako,
msaliti


Tarehe 4 Aprili

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti yamekutaja. Nimefurahi umefika salama. Mto wako nimeukung'uta vumbi, upo juu ya kabati karibu na wangu.

Kwenye simu umeniuliza kama nilifurahi siku ile, nikasema sana. Simu ni ya kujuliana hali. Kwenye karatasi nitasema zaidi.

Ulisimulia vizuri mno. Ila lifti zimekuharibu. Eti winga "anapanda, anapanda, amekwama kati ya ghorofa mbili!" Eti beki wetu "mlango umefunga, hapiti mtu!" Watu wa nyuma waliacha kutazama mpira wakawa wanakusikiliza wewe. Ulimsikia Mwenyekiti? "Binti, hiyo mechi unayoisimulia inachezwa uwanja gani, na sisi twende tukaione?" Kinyozi naye anasema alikuwepo, hakuona hata nusu ya hayo. Nimemwambia hilo ndilo tatizo la kutegemea macho.

Sasa nikuambie ambalo hukuona, wewe mwenye kuona.

Ulidhani nimeuweka mkono wangu juu ya kamba kwa uzee. Hapana. Mkono ule ulikuwa kazini. Asubuhi niliuosha kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, nikakwangua rangi yote iliyokaa kwenye kucha tangu hujazaliwa. Mke wa Kinyozi akanikata kucha. Nilikuwa nimeupanga hivi: Kiwandani ikifunga, kabla hujapata muda wa kujitengeneza, mkono unavuka kamba, unakwenda moja kwa moja mdomoni mwako. Nilikuwa nimepima umbali kwa sauti yako. Vidole vinajua, vilishika brashi miaka yote hiyo, haviwezi kushindwa kujua mstari ulionyooka na uliovutwa upande. Ningejua mara moja, nikaurudisha mkono wangu, tukaendelea kutukanana.

Nilikaa hivyo tangu filimbi ya kwanza. Bega likafa ganzi.

Unakumbuka kipindi cha pili, bluu wote walipoinuka kwa kelele? Nikauinua mkono. Ukaudaka hewani ukasema, "Taratibu baba, ngoja nikusimamishe," ukanisimamisha. Basi nikasimama. Kumbe mpira ulikuwa umegonga mwamba. Ukanishika mkono ule mpaka mwisho, nisianguke, na sikuwa na namna ya kuudai.

Ningekuambia tu "niletee uso wako," ungeleta. Lakini ungekuwa uso ulioombwa, na nyumba hii na kuomba hatujuani. (Dada, nimemwambia hata mimi. Hasikii.)

Njoo tena. Nimesema njoo, sikusema upigwe.

Baba yako

Kinyozi akimaliza mstari huu atabeba brashi yangu aende ukutani. Anauliza chini ya tangazo aandike nini, nami namwambia aandike matokeo: bila kwa bila.